Jeni Moja, Protini Moja

Mwalimu aliyenifundisha biolojia kidato cha tano na cha sita bado yu hai, na mimi bado simpendi. Naanza na hilo ili msomaji asikae akingoja mahali nitakapolainika. Watu wa kanisani kwangu hapa Mweiga wamejaribu. Wananiambia miaka imepita, mzee ana kisukari, mwache. Mimi sijamshika. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba halikuwa jambo.

Lilitokea Nyeri, katika shule ya bweni ya wasichana, miaka ya themanini, wakati kidato cha sita kilikuwa bado kipo. Mimi nilitoka Mwea, ambako baba alilima mpunga katika mashamba ya mradi wa serikali, mashamba ambayo hayakuwa yake. Nilikuwa nimefaulu vizuri katika shule ndogo ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wanakijiji, ambayo maabara yake ilikuwa kabati moja, nikaitwa Nyeri kuendelea na kidato cha tano. Nilifika na sanduku la bati na sweta jepesi la Mwea, ambalo kwa baridi ya Nyeri halikuwa na maana yoyote. Niliwakuta wasichana waliokuwa pale tangu kidato cha kwanza, wakiwa na masweta mazito na desturi zao, na hakuna aliyejisumbua kunieleza desturi hizo.

Nilitaka udaktari. Sikuwa natamani koti jeupe. Baba alikuwa na kichocho cha tumbo, kama nusu ya wanaume wa kijiji chetu, kwa sababu mchana kutwa walisimama kwenye maji ya mpunga miguu mitupu. Tumbo lilimvimba, akaenda zahanati, akaambiwa daktari hayupo, arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa hivyo hivyo. Nilikuwa naye mara moja, na nilimwona akimshukuru karani aliyemfukuza. Siku hiyo niliamua kwamba daktari wa zahanati ile nitakuwa mimi, na nitakuwepo.

Njia ya kufika huko ilipitia mkono wa mkuu wa shule. Baada ya mtihani wa majaribio, tuliouita moki, kila msichana alijaza fomu ya kuchagua masomo ya chuo kikuu, naye mkuu akatia sahihi na muhuri. Alikuwa na sheria yake mwenyewe: hakuna kuandika udaktari chaguo la kwanza kama moki ya biolojia haikumridhisha. Alisema hataki jina la shule lichekwe Nairobi. Aliyekataliwa aliandika ualimu, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Sasa huyo mwalimu. Alikuwa kijana kutoka magharibi ya nchi, mrefu, shati jeupe kila siku, hakujua Kikuyu hata cha kuomba maji, kwa hiyo tukitoka kwenye Kiingereza cha darasani alizungumza nasi Kiswahili. Na alijua kufundisha. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana mtu mjinga ningemsahau zamani.

Siku moja ya Julai, ule mwezi ambao Nyeri haioni jua, aliingia darasani na karatasi kubwa ya kukatia nguo aliyoiazima chumba cha ushonaji. Akaitandaza juu ya meza ya mbele na kutuita tuizunguke. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja tu tuliosoma biolojia. Tukasogea, wengine wakicheka, mwanamume na karatasi ya ushonaji.

"Mimi nimekuwa nikiwaambia jeni moja, protini moja," alisema, "na nimekuwa nikiwadanganya."

Walimu wa siku hizo hawakusema maneno ya namna hiyo.

Akatuonyesha karatasi. Hapa mgongo, hapa kifua, hapa mikono, hapa kola. Kati ya vipande hivyo kulikuwa na nafasi tupu, zimejaa mistari na maandishi yasiyovaliwa na mtu. Akasema jeni iko hivyo. Zamani watu walidhani ni maneno yaliyoandikwa mfululizo, mwanzo hadi mwisho, na seli inayasoma tu na kuunda protini. Sivyo. Ndani ya jeni kuna vipande vyenye maana, na katikati yake kuna vipande virefu visivyotumika kuunda protini. Seli hutoa nakala ya jeni yote, pamoja na vile visivyotumika. Kisha huikata nakala hiyo, inaondoa vya katikati, na kuunganisha vilivyobaki.

Akachukua makasi. Akakata mgongo, kifua, mikono, kola, akavipanga mezani.

"Hii ni nini?"

"Koti," tukasema.

Akaiondoa mikono, akasogeza vingine pamoja. "Na hii?"

"Kizibao."

"Karatasi ni ngapi?"

"Moja."

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Seli inaweza kuruka kipande kimoja wakati wa kuunganisha. Karatasi ni ile ile, lakini nguo imebadilika, na kazi yake imebadilika. Koti utavaa kwa baridi ya hapa. Kizibao utavaa ukipeleka chai kwa hoteli."

Tulicheka. Kisha akatupa mfano wa kweli, akiuandika ubaoni, na mimi niliushika neno kwa neno. Kuna jeni ambayo katika tezi ya shingoni nakala yake hukatwa kwa namna moja, ikatoka homoni ya kupunguza madini ya chokaa kwenye damu na kuyabakiza kwenye mifupa. Jeni hiyo hiyo, katika seli za neva, nakala yake hukatwa kwa namna nyingine, ikatoka kitu tofauti kabisa, cha kupanua mishipa ya damu. Mfupa na mshipa, kazi mbili zisizohusiana, na asili yake ni moja. Alisema habari hiyo bado ni changa, ameisoma katika jarida alilotumiwa na rafiki yake aliye ng'ambo, na vitabu vyetu havitakuwa nayo kwa miaka mingi.

Sikumbuki kuwahi kufurahi darasani kama siku ile. Nilitazama mkono wangu juu ya meza nikafikiri kwamba ndani yake kuna makasi yanafanya kazi wakati huu huu, bila kuulizwa. Nilimpenda mwalimu yule. Naandika neno hilo kwa hasira, lakini ndilo lenyewe.

Kengele ilipolia alichukua kifutio, akaufuta ubao mwenyewe, kona hadi kona, akatoka.

Moki ikaja mwezi uliofuata. Karatasi zilitungwa wilayani na kusahihishwa na walimu wa shule nyingine, hakuna aliyejua ya kwake inakwenda kwa nani. Swali kubwa la biolojia lilisema: jeni moja hutoa protini moja, eleza. Nilipolisoma karibu nicheke kwa furaha. Niliandika kurasa mbili. Niliandika kwamba sivyo, na kwa nini sivyo. Nilieleza kukatwa na kuunganishwa kwa nakala, vipande vinavyorukwa, tezi na neva. Koti na kizibao sikuandika, nilidhani si lugha ya mtihani. Nilitoka chumba cha mtihani nikijiona tayari niko Nairobi.

Karatasi ilirudi na mstari mwekundu umepita kurasa zote mbili kutoka kona hadi kona, na sifuri. Chini, msahihishaji alikuwa ameandika kwamba mtahiniwa huyu anabuni mambo. Somo zima likashuka pamoja na swali hilo.

Mkuu wetu wa shule alikuwa na tabia yake nyingine. Ijumaa baada ya moki, kwenye gwaride, shule nzima ikiwa imesimama uwanjani kwenye baridi, aliwaita mbele wasichana waliomvunja moyo ili wasome kwa sauti upuuzi waliouandika. Alisema aibu ni dawa. Sijui ilimponya nani. Niliitwa mimi. Nikasoma. Sauti haikutetemeka, kwa sababu nilijua nilichokisoma ni kweli, na nilimwona mwalimu wangu amesimama kwenye mstari wa walimu, mbali kidogo tu, shati lake jeupe.

Mkuu akikasirika hukitupa Kiingereza. "Hii maneno umetoa wapi? Ati jeni moja inatoa protini mbili? Kwa kitabu gani?"

"Si kitabu, Madam. Tulifundishwa."

Uwanja ukafanya mvumo mdogo. Madam akageuka. "Mwalimu. Wewe ndiye ulifundisha huyu msichana hii kitu?"

Nilitulia kabisa. Nakumbuka nilitulia. Nilidhani sasa ataeleza, na Madam atashika kichwa, na karatasi itarudishwa wilayani. Mwalimu akasafisha koo.

"Madam," alisema, "mimi nimekuwa nikiwaambia jeni moja, protini moja."

Akanyamaza hapo.

Hakusema uongo. Sentensi ilikuwa ya kwake, ile ile, maneno yale yale, na mimi niliyekuwa nimeishika neno kwa neno nilisikia mahali alipoikata. Aliacha kipande cha mwisho tu. Darasani kipande hicho kilikuwapo na sentensi ikafungua kichwa changu. Uwanjani hakikuwapo, na sentensi ile ile ikanifunga mdomo. Nilingoja aendelee. Niliwatazama wale kumi waliokuwa wameizunguka meza pamoja nami. Walikuwa wakitazama viatu vyao.

"Sasa umesikia," Madam akaniambia. "Enda kwa laini."

Nilimfuata mwalimu nyuma ya maabara wakati wa chai. Alikuwa anaosha bomba za kioo ambazo hazikuwa chafu.

"Wewe nawe," alisema kabla sijafungua mdomo. "Kwa nini uliandika?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Ni kweli, ndiyo. Nani amekataa? Lakini hukuniona nikifuta ubao?"

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze, kwa kunishangaa, jambo ambalo kila mtu katika shule ile alilijua tangu kidato cha kwanza. Ubao hufutwa na kiongozi wa darasa. Mwalimu akiufuta kwa mkono wake, maana yake yaliyokuwa pale ni ya kujua tu, si ya kuandika. Wenzangu wote kumi walikuwa wameandika jeni moja, protini moja, na wamepita. Katika shule yangu ya Mwea mwalimu alifuta ubao mwenyewe kila siku, kwa sababu kifutio kilikuwa soksi yake.

"Basi mwambie Madam," nilimwambia. "Mwambie tu ulitufundisha. Fomu zinajazwa Jumatatu."

"Nikimwambia leo nitaonekana aje? Nimesimama mbele ya watu wote." Akaweka bomba chini. "Mimi niko na jina langu linangoja huko juu. Unaibu wa mkuu wa shule. Wewe uko na mtihani wa mwisho bado. Utapita, wewe ni mwerevu."

"Fomu ni Jumatatu."

"Mimi nimesema utapita," akasema, na akarudi kwa bomba zake.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya mkuu na fomu yangu. Aliisoma, akachukua kalamu yake, akapiga mstari kwenye neno la kwanza na kuandika ualimu kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko mzuri wa duara. Akatia muhuri. Akaniambia nishukuru kwamba sayansi amenibakizia.

Mwisho wa mwaka mtihani wa taifa uliniuliza tena habari za jeni. Niliandika jeni moja, protini moja, jinsi walivyotaka, kwa mwandiko safi, na nikapata alama ya juu kabisa katika biolojia. Matokeo yangu yalitosha udaktari, na kubaki. Wawili kati ya wale kumi walikwenda udaktari na alama za chini kuliko zangu. Sitawasema zaidi ya hapo, mmoja wao amewahi kumtibu mama yangu na alimtibu vizuri.

Nilipokwenda nyumbani kumwambia baba, alikuwa amekaa kwenye gunia, tumbo limetangulia. Nilimweleza yote, hata karatasi ya kukatia nguo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mwalimu ako na watoto?" aliniuliza.

"Sijui, baba."

"Mwalimu ni kazi nzuri," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nishaambia watu hapa ati unarudi daktari." Akainuka akaenda kutazama maji ya shamba. Zahanati iliendelea kumwambia arudi wiki ijayo.

Kwa hiyo nikawa mwalimu. Kabla miaka ya themanini haijaisha nilikuwa Mweiga, katika shule ya wasichana ambao waliamka kukamua ng'ombe kabla ya kuja darasani, na ambao mikono yao msimu wa viazi haikutakata hata kwa sabuni ya kufulia. Niliwafundisha silabasi. Na silabasi ikiisha mapema niliwafundisha ile habari ya makasi. Sikutumia nguo. Nguo nilimwachia mwenyewe. Nilitumia kingamwili, ile protini ambayo damu huitumia kupambana na magonjwa. Nakala ya jeni yake ikiunganishwa na mkia wa aina moja, protini hunata kwenye ukuta wa seli na kukaa pale ikilinda. Ikiunganishwa na mkia wa aina nyingine, haina pa kunata, inaachiliwa iende na damu kuwatafuta adui mbali. Mwili wa protini ni ule ule, na mkia ndio unaoamua kama itakaa au itakwenda.

Mwalimu wangu wa Nyeri alikuja siku moja, miaka kadhaa baadaye, nikiwa katikati ya somo hilo. Alikuwa ameshapata unaibu, kisha akapanda tena, sasa ni mkaguzi wa shule, ana tumbo kidogo na mkoba wa ngozi. Hatukuwa tumeambiwa ni nani anakuja. Mkuu wangu alimfungulia mlango, akaketi nyuma kwenye dawati la mwisho, magoti yakigusa ubao wa chini. Alinitambua mara moja. Mimi nilikuwa nimemtambua kwa kukohoa kwake huko nje.

Sikubadilisha somo. Niliendelea na mikia yangu miwili. Nilipomaliza, msichana mmoja wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, na kitabu yetu inasema jeni moja, protini moja. Sasa kwa mtihani tuandike gani?"

Darasa zima likanitazama. Yule wa nyuma naye.

"Mtihani ukitaka ya kitabu, andika ya kitabu upate alama zako," nilimwambia. "Kisha chini yake andika kwamba haya si yote, na uandike hii. Mtu akikuuliza umetoa wapi, sema ni mimi nilikufundisha. Niite nije nisimame hapo, hata kama ni kwenye gwaride."

Nilisema hayo nikimtazama mkaguzi. Aliandika kitu. Kengele ikalia, nikaweka chaki chini na kumwambia kiongozi wa darasa afute ubao wakati wake, nikatoka.

Chumba cha walimu walikuwa wamemwandalia chai ya maziwa na mayai ya kuchemsha. Walimu wote walikuwapo, mkuu wangu akiwa amejikunyata pembeni kama mgeni shuleni mwake. Mkaguzi alikuwa mchangamfu. Alisifu somo. Alisema katika wilaya nzima hajasikia mwalimu akifundisha jambo hilo, na kwamba hata vyuo vya ualimu bado vinalala. Kisha akaninyooshea kidole, anatabasamu, meno yote nje.

"Na mnajua huyu ni nani? Huyu ni mwanafunzi wangu! Huko Nyeri. Hii kitu yote mimi ndiye nilimfundisha."

Walimu wakapiga makofi kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja Ijumaa ile uwanjani, hayo hasa, na kama angeyasema siku ile, wakati huu ningekuwa zahanati ya Mwea nikipapasa tumbo la baba. Alikuwa ameyaweka miaka yote hiyo na kuyatoa leo, juu ya mayai, mahali ambapo hayakumgharimu kitu.

"Waambie, mwalimu," alinihimiza. "Waambie nilikuwa nikiwafundisha nini."

Nikaweka kikombe chini.

"Mkaguzi alikuwa akituambia jeni moja, protini moja," nilisema.

Tabasamu likabaki usoni mwake lakini macho yaliacha. Alijua sentensi yake. Alijua ilikatwa wapi na nani, na alijua imebaki kipande. Mkuu wangu aliinama kumwongezea chai. Ningeweza kuishia hapo, kama yeye alivyoishia.

"Na alikuwa akitudanganya," nikamalizia.